Kwa Nini Baba Yako Hakubisha Hodi

Siku moja naikumbuka, mwanangu, hata nisipotaka kuikumbuka. Nilikuwa natoka msituni kule Mwese, kitenge kimelowa mpaka kiunoni, na kwa furaha niliyokuwa nayo niliimba njia nzima. Nikamkuta bibi yangu Sabina, mama mzaa baba, amekaa uani anapukuchua mahindi. Sikumwamkia hata vizuri. Nikamwambia, "Bibi, leo mbega wametukubali! Nimebisha hodi na hakuna aliyekimbia. Yule jike Mama Pili kashuka mpaka tawi la chini, na mtoto wake kifuani, akawa ananitazama tu!"

Nilitegemea acheke. Bibi yangu alikuwa mcheshi, utani wake uliwatoa watu machozi. Lakini siku hiyo aliweka gunzi chini, akajipangusa mikono, akaniuliza kama nina akili timamu.

"Mmewafundisha kuitika hodi," akasema. "Na kukimbia, nani atawafundisha tena?"

Nikacheka mimi. Nikamwambia, bibi, hayo ni mambo ya utafiti, wewe huyajui. Mwee! Ulimi wa ujana huo.

Hebu weka begi chini kwanza. Gari la Mwese linaondoka asubuhi, na hapa Nsemulwa hakuna anayekufukuza. Uji uko jikoni, utachota mwenyewe. Umenijia na furaha ya kupata kazi kwenye mradi mpya wa mbega, na mimi shangazi yako nimefurahi, usione nimenuna. Ila kuna jambo lazima ulisikie kabla hujakanyaga msitu ule. Baba yako, mdogo wangu Deo, kabla hajafa alinishika mkono akaniomba nikuambie mimi, kwa sababu yeye alishindwa. Unajua watu walivyokuwa wanamsema. Eti Deo hana adabu, anafika mlangoni kwa watu anasimama kama mwizi, anakohoa tu, habishi hodi. Hata wewe uliwahi kuniuliza ukiwa mdogo, nikakutuma dukani ili usiendelee kuuliza.

Ilikuwa miaka ya tisini. Alikuja mama mmoja mtafiti kutoka chuo kikuu, Mpare, mwembamba, anatembea haraka kuliko wanaume wa kwetu. Tulimwita Dokta. Watu wa Mwese waliposikia Dokta wakaanza kumletea watoto wenye homa na wazee wenye viuno, naye anaeleza mpaka anachoka kwamba udokta wake ni wa mbega. Mzee mmoja akamjibu, "Sawa mama, ila kiuno ni kiuno." Ikabidi awe anatembea na vidonge vya maumivu kwenye mkoba.

Mbega wenyewe ni wale wekundu. Wana nywele nyekundu utosini utadhani wamevaa kofia, hawana kidole gumba, na wanaishi kwenye ule msitu mzito unaofuata vijito mabondeni. Nje ya hapo ni miombo, na kwenye miombo mbega huyo hana maisha. Msitu wenyewe ulikuwa umebaki vipande vipande, maana watu walikuwa wanalima na kuchoma moto kila kiangazi, na kundi likiisha kwenye kipande chake halitoki lingine kuja kujaza pengo. Dokta alitaka kulifuata kundi moja miaka na miaka, ajue nani amezaliwa, nani amekufa, wanakula nini majani yakikauka. Alisema bila kuyajua hayo hatutajua namna ya kuwaokoa. Nilimwamini, na mpaka leo nasema hakuwa mwongo.

Tulianza kwa kukimbiwa. Unaamka kabla ya jua, unapanda kilima unashuka kilima, ukiwakaribia wanapiga kelele, wanakunyea kichwani, wanatoweka. Unarudi kambini unanuka, kesho unaanza upya. Kazi ya kuwafanya wasituogope Dokta aliiita kuzoesha. Yeye alikuwa anapiga ulimi ili wajue ni yule yule wa jana, lakini wao waliusikia kama tawi linalovunjika, wakazidi kukimbia. Basi asubuhi moja mimi nikatokeza ghafla kwenye kichaka, nikawakuta wamejaa juu ya mkuyu, nikashtuka kama mtu aliyeingia uani kwa watu bila taarifa. Mdomo ukatamka wenyewe, polepole, "Hodi, hodi." Halafu nikakaa chini, maana ndivyo nilivyolelewa, mgeni hasimami simami. Hawakukimbia. Dokta aliyekuwa nyuma yangu alicheka mpaka akaziba mdomo kwa kofia. Tangu siku hiyo ikawa sheria ya kambi: ukiingia bondeni unabisha hodi mara mbili kwa sauti ya chini, kisha unakaa.

Na kweli wakazoea. Ilichukua muda, lakini ilifika mahali tunabisha hodi, wao wanatoa kisauti chao kile kidogo cha kooni na kuendelea kutafuna majani. Tukasema ndiyo wanasema karibu. Tukawapa majina. Dume kubwa aliitwa Kilemba. Jike mmoja tulimwita Mama Pili kwa sababu alizaa mtoto wa pili mbele ya macho yetu, na huyo ndiye alikuwa anashuka chini kuliko wote. Jirani yetu, Mama Pili wa kweli, alipopata habari alinifuata kisimani na ndoo yake.

"Leonsia, ni kweli mmempa nyani jina langu?"

"Si nyani, mama. Ni mbega."

"Kwa hiyo nishukuru?"

Hakunisemesha mpaka mavuno.

Baba yako wakati huo alikuwa kijana mwenye mke mpya. Alikuwa na gobole aliloachiwa na marehemu baba yetu, akiwinda kanga na funo, wale paa wadogo wa vichakani. Mbega alikuwa hawagusi. Nyumbani aliniomba nimwigizie ile hodi ya msituni, tunacheka wote, na mimi namfundisha jinsi ya kuishusha sauti. Siku moja Dokta akataka mtu wa kumbebea mizigo, nikamchukua Deo. Akabisha hodi mwenyewe, akakaa. Mama Pili akaendelea kula juu ya kichwa chake, mabaki ya majani yanamwangukia begani. Niliyaona macho ya baba yako yanalengwalengwa na machozi. Njiani kurudi akaniambia, "Dada, sijawahi kuaminiwa hivi hata na mbwa wangu." Hilo alilisema kwa mapenzi. Nataka ulijue kabla sijaendelea.

Maneno ya bibi nilimfikishia Dokta kama kichekesho. Yeye hakucheka.

"Bibi yako kasema kweli," akaniambia. "Lakini nikiwafukuza sasa, kazi yote imepotea. Maadamu sisi tupo, watakuwa salama."

Nilipompelekea bibi jibu hilo aliuliza kitu kimoja tu: "Na mkiondoka?" Nikamwambia hatuondoki. Akasema basi niende leo leo nikawapige mawe, nipige kelele, wanichukie, maana wakinichukia wataishi. Sikwenda. Ningeanzaje kumrushia jiwe Mama Pili, mwanangu? Nilikuwa napendwa na kiumbe wa porini na nilijiona wa maana sana.

Tukaondoka. Wala si kwa ubaya. Dokta aliitwa chuoni akaandike alichokipata, akaahidi kurudi mvua zikikatika. Mimi nilikuwa mjamzito, na kwa kuwa wa kwanza alinifia tumboni, mume wangu hakutaka mchezo. Akanileta mjini Mpanda, hapa hapa Nsemulwa kwa mama yake mkubwa, niwe karibu na hospitali. Kambi nikamwachia Deo. Nilimwambia, "Uwe unaenda kuwasalimia, wasije wakatusahau." Ndivyo nilivyosema kwa mdomo wangu huu.

Halafu ikaja ile mvua. Waulize wakubwa wote wa huku, watakuambia mwaka ule wa mvua isiyokoma. Maharage yalioza shambani. Mahindi yaliota ukungu kwenye vihenge. Maji yalibeba madaraja, gari la Mwese likakatika, kila mtu akabaki na njaa yake alipo. Watu walikuwa wanachimba mizizi. Mama yako alikuwa na mimba, miguu imevimba, ukimfunua macho ni meupe. Mimba yenyewe ni wewe.

Barabara ilipofunguka nikarudi na mtoto mgongoni. Asubuhi yake nikamwachia bibi mtoto, nikaenda bondeni. Nilikuwa na hamu nao, nakuambia, kama mtu aliyekuwa safarini akarudi kwao. Nikabisha hodi. Kimya. Nikasogea, nikabisha tena, nikakaa. Chini ya ule mkuyu niliona manyoya mekundu yamegandana na matope. Nikanyanyuka, nikatembea nikiangalia juu tu, shingo inauma. Mbali kidogo nikawaona. Walikuwa wachache, wamejikunja kileleni kabisa, kimya. Nikashusha pumzi, nikasema taratibu, "Hodi, hodi."

Walilipuka, mwanangu. Walikimbia wakipiga yowe, mmoja akakosa tawi akaporomoka mpaka vichakani, akajikongoja akapanda tena, wakapotea wote bondeni. Sikuwa nimeinua hata mkono. Walichokimbia ni lile neno. Nilikaa pale chini mpaka maziwa yakalowesha blauzi yangu, ndipo nikakumbuka kwamba nina mtoto nyumbani anasubiri kunyonya.

Kijijini walikuwa wameshahukumu nani kawaua mbega. Walisema ni wakimbizi, wale waliovuka ziwa kwa sababu ya vita vya kwao, wakapewa mahali pa kulala karibu na shule. Vijana walikuwa wananoa mapanga wakawafundishe adabu. Na mimi, nisikufiche, nilikuwa na hasira ya kubeba fimbo nikawafuate. Bibi, niliyekuwa nimemsimulia walivyoikimbia hodi, akaniita ndani.

"Wageni wale," akaniuliza, "nani aliwafundisha kubisha hodi kwa mbega?"

Hodi ile ilijulikana na watu wa kambi tu, na Dokta alikuwa mbali, na mimi nilikuwa huku mjini.

Jioni hiyo nilikuwa ndani namnyonyesha mtoto. Nikasikia nyayo uani, nyayo za mtu ninayemjua tangu anajifunza kutembea. Zikaja mpaka mlangoni, zikasimama. Nikangoja abishe hodi. Hodi haikuja. Nikasikia mtu anakohoa.

"Deo," nikaita. "Mbona hubishi hodi?"

Baba yako alipiga magoti pale pale mlangoni akalia kilio ambacho sijakisikia tena, hata kwenye msiba wa bibi. Nikamwacha alie. Alipoweza kusema alisema yote, hakujificha. Funo hawakuonekana, kanga hawakuonekana. Mama yako alizimia jikoni na chungu mkononi. Ndipo akachukua gobole akashuka bondeni, na kwa mazoea tu akabisha hodi. Kilemba akamtazama, akaendelea kula. Ile nyama nyumbani aliiita ya funo. Mama yako akala, akapata nguvu ya kukaa. Nyama ilipoisha akarudi tena, na tena. Walikuwa wanaogopa mlio, mwanangu, wanatawanyika, lakini kesho yake wakisikia hodi wanatulia, kwa sababu kwa miaka hodi haikuwahi kuwadhuru. Mama Pili ndiye aliyechelewa kuliko wote kuelewa.

"Nilibisha hodi," Deo akaniambia, "akashuka lile tawi lake la chini, na mtoto kifuani. Nilikuwa nimesimama na gobole. Akawa ananitazama, hatafuni, hakimbii. Dada, alikuwa ananisubiri nikae."

"Ukafanyaje?"

"Nikakaa."

Nikadhani amemaliza, nikaanza kumshukuru Mungu moyoni.

"Akatulia," akasema. "Ndipo nikapiga."

Nilimzaba kofi. Nilimzaba lingine. Ningeendelea, ila bibi alitoka chumbani, akanishika mkono, akamwinua Deo na kumkalisha kwenye kigoda, akampa maji. Nikamfokea bibi, kwamba anambembeleza muuaji. Akanigeukia.

"Deo alikuwa na njaa," akasema. "Wewe ulipowafanya wakuzoee, ulikuwa na njaa gani?"

Swali hilo nimezeeka nalo.

Kesho yake baba yako alikwenda mwenyewe ofisi ya kijiji, mbele ya wale vijana na mapanga yao, akasema ni yeye. Wakimbizi hawakuguswa. Wenzake walimtenga muda mrefu, si kwa ajili ya mbega, ni kwa sababu aliwaharibia hasira yao. Dokta aliporudi, Deo akampeleka mpaka chini ya lile tawi na kumweleza kama alivyonieleza mimi. Dokta alisikiliza akiwa ameshika mti. Mwishoni akasema, "Ile hodi niliifanya sheria mimi, Deo." Hakumshtaki. Afadhali angemshtaki, baba yako angepumzika.

Halafu tukafanya alichosema bibi, tumechelewa lakini tukafanya. Tulichukua madebe na vifuniko vya sufuria, mimi, Dokta na Deo, tukaingia bondeni kila asubuhi kwa wiki kadhaa kuwafukuza waliobaki. Tulipiga madebe, tukapiga kelele, tukarusha mawe. Deo ndiye alikuwa anapiga kwa nguvu kuliko sote, sauti imemkauka, anasema, "Nendeni! Msimwamini mtu! Nendeni!" Dokta alikuwa anarusha jiwe analia, anaokota lingine. Wakahama wakatuacha na miti. Mwisho wa wiki hizo Dokta akafunga kambi. Kwa miaka kadhaa aliniletea salamu za Krismasi, kisha zikakoma. Kipande kile cha msitu leo ni shamba la mahindi, na wale mbega wachache sijui waliishia wapi. Huko unakokwenda wewe ni bonde jingine.

Unalia? Lia, hakuna ubaya. Ila usijibebeshe mzigo usio wako. Mtoto aliye tumboni hachagui chakula, na mama yako mpaka leo anajua alikula funo. Mwache ajue hivyo. Na baba yako usimchukie. Alikupenda, na kwa ajili yako alifanya kitu kilichomfunga mdomo mlangoni kwa watu maisha yake yote. Neno lile lilikuwa halitoki. Nilimwona akijaribu siku ya mahari yako, kwa wakwe zako, midomo inatikisika, akaishia kukohoa. Wakamcheka.

Basi nikuambie, usikilize vizuri. Sikukatazi kazi. Nenda, kaifanye vizuri, wanyama wale wanahitaji watu. Lakini watakapokufundisha kuwazoesha, simama uwaulize wakubwa wako swali la bibi: na tukiondoka? Nani anabaki, anabaki kwa muda gani, na mwaka wa njaa atakuwa anakula nini yeye na watoto wake? Wakikujibu kwa kuzunguka zunguka, kaa mbali na darubini yako, waache wakukimbie, na usione aibu kuandika kwamba leo wamekukimbia. Sauti watakayokujua nayo usiifanye mchezo wa nyumbani, usimwigizie mtu ili acheke, hata kama ni ndugu wa tumbo moja. Na si mbega tu, mwanangu. Kuna mtoto wa jirani asiye na mama, kuna mzee mpweke, kuna mtu atakayekupenda. Kabla hujamfanya mtu ashuke tawi la chini kwa ajili yako, jiulize kama utakuwepo siku mwingine atakapokuja na sauti yako. Kama hutakuwepo, mwache juu alipo, hata ukimtamani.

Haya, futa uso. Mungu wa bibi yangu Sabina akutangulie kule Mwese, akulinde na nyoka na homa na sifa. Mkono wako usimtoe damu aliyekutulia. Kila utakapobisha ukaribishwe, na aliyekukaribisha asije akajuta. Na siku ukirudi kutoka msituni, njoo mpaka mlangoni kwangu, usikohoe. Bisha hodi, kwa sauti, mara mbili, moja yako na moja ya baba yako. Nitaitika zote mbili.